Kitanda Mbele ya Lori

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mkinisikia namsema Matar kabla hamjajua nilichofanya mimi, mtasema huyu Mwamvua mdomo tu. Haya basi: matete ya ziwa letu hapa Kiembe Samaki niliyafyeka mimi.

Sikuwa peke yangu, lakini panga la kwanza lilikuwa langu. Ziwa lilikuwa limegeuzwa jaa. Pampasi, magodoro, chupa, friji bovu, kila mtu akija usiku anatupa. Nikawakusanya wanawake wenzangu, tukafanya kikoa: kila siku mmoja anapika, waliobaki wanaingia majini. Kwa wiki moja taka zote zikatoka. Tungeishia hapo tungekuwa watu wenye akili zetu. Lakini sisi tumelelewa kufagia mpaka mchanga ubaki na alama za fagio, na jani moja likianguka uani tunaona aibu ya wageni. Yale matete marefu kupita mtu tukayaona nayo uchafu. Tukayakata, tukang'oa mizizi, tukachoma. Ziwa likabaki jeupe kama uwanja wa harusi, na sisi tukapiga vigelegele, wajinga wakubwa.

Asubuhi yake mume wangu, Ubwa, akaniuliza, "Mwamvua, mbona kimya?"

Ubwa kiharusi kilimpiga, huu mwaka wa tatu. Mkono wa kulia na mguu wa kulia havina kazi, na macho yameingia ukungu. Kitanda chake kipo dirishani, dirisha linatazama ziwa, na alichobakiwa nacho ni masikio. Kukuziwa, wale ndege weusi wenye paji jekundu wanaojificha ndani ya matete, ndio waliokuwa wakimwamsha kabla ya adhana ya alfajiri. Alikuwa akiwajua mmoja mmoja kwa sauti. Huyu mama yao, huyu mkorofi, huyu anamtaka mke wa mwenziwe. Alikuwa akinisimulia mpaka nacheka. Sasa hakuna hata mmoja.

"Wamehama kidogo," nikamwambia. "Kiangazi hiki." Nikamdanganya mgonjwa wangu, nikaenda kulia jikoni.

Badala ya ndege wakaja mbu, na nyuma ya mbu akaja Matar. Huyu Matar ni jirani yetu, ana ukumbi wa harusi ng'ambo ya ziwa, na siku zote alikuwa akitafuta sababu ya kulifukia apate pa kuegesha magari. Akamleta Sheha Muhiddin, mkuu wa mtaa wetu, mpaka ukingoni. "Hili si ziwa tena, Sheha. Dimbwi la mbu hili. Tunangoja watoto wafe kwa malaria?"

Kilichoniuma ni kuwa siku ile Matar alisema kweli.

"Nipe mpaka masika yamalizike," nikamwambia Sheha. "Nitalirudisha lilivyokuwa."

Sheha Muhiddin ni mtu wa haki, ila hapendi makelele. "Vyema, Bi Mwamvua. Nikija nikikuta uhai, kifusi hakiingii. Nikikuta dimbwi, usinilaumu."

Matar akacheka. "Dua la kuku halimpati mwewe."

"Ngoja basi umwone kuku mwenyewe," nikamjibu, nikajifunga kanga yangu vizuri nikaondoka. Nani kati yetu aliwahi kupanda matete? Matete si huota tu? Nikatafuta mabua, nikayasimamisha kwenye tope kama mihogo. Yakaoza yote. Wiki mbili zimekwenda.

Mficha uchi hazai. Nikaenda kukaa pembeni ya kitanda cha Ubwa, maana yeye kazaliwa kwenye bonde la mpunga huko upande wa Tunguu, nikamwambia yote. Panga, moto, vigelegele, na uongo wangu wa kiangazi. Akageuza uso ukutani. Nilimpa chai hakunywa, nilimpa uji hakula. Nilitamani anitukane.

Magharibi ndipo aliposema, bado uso uko ukutani, "Uliyasimamisha?"

"Niliyasimamisha."

"Matete hayasimamishwi, mwanamke. Yanalazwa. Kata mabua mabichi, yalaze topeni, ncha tu ichungulie. Kila kifundo kitatoa chake."

Siku ya pili nikaenda bondeni. Wakulima wakanicheka mpaka wakakaa chini. "Bibi, sie kila mwaka twamwomba Mungu ayaondoe, weye wayataka?" Wakanijazia gari bure, na wakanishukuru juu yake. Nikawarudia wanawake wenzangu. Biasha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akaniangalia juu mpaka chini. "Juzi fyeka, leo panda. Wallahi una wazimu." Kisha akapandisha gauni, akawa wa kwanza kuingia kwenye tope.

Mvua ikashuka. Matete yakachungulia, yakafika gotini, yakafika kifuani. Vyura wakarudi wakapiga ngoma yao, mbu wakapungua. Lakini kukuziwa hawakurudi. Nilikuwa nikisimama ukingoni kila nikipata nafasi, natazama, sioni kitu. Zikibaki siku tatu Sheha aje, Ubwa akaniambia, "Wamerudi. Nimewasikia alfajiri." Nikakaa macho alfajiri iliyofuata, sikusikia ila jenereta la ukumbi wa Matar. Nikajua mume wangu ananifariji. Nilimdanganya, na yeye ananirudishia uongo wangu kwa huruma. Iliniuma kuliko matusi.

Siku yenyewe ikafika. Sheha kaja saa nne, na Matar kaja na lori limejaa kifusi, injini inanguruma mpaka madirisha yanatikisika. Uhakika alionao mtu yule! Sheha akatazama ziwa zima. "Majani nnayaona, Bi Mwamvua. Viumbe wako wapi?"

Nikayatazama matete. Matar akamwashiria dereva arudi nyuma apate pa kumwaga. Hapo nikamsikia Ubwa dirishani.

"Mwamvua! Nitoe nje!"

"Jua kali, mume wangu."

"Nitoe na kitanda changu!" Sauti ile sikuwa nimeisikia miaka mitatu.

Wanaume wote wa mtaa wamekwenda kazini. Tukaingia wanawake sita. Kwa sababu ya jua nikamfunika shuka nyeupe mpaka usoni, tukakiinua kile kitanda cha kamba mabegani, tukatoka nacho njiani moja kwa moja mbele ya lori. Naapa, hatukufikiria tunafanana na nini.

Dereva alifikiria. Akazima injini, akaruka chini. "Lahaula! Wanawake wanabeba jeneza? Wanaume wa mtaa huu wamekufa wote?" Akamsukuma Biasha pembeni, akaingiza bega lake, akaanza "La ilaha illa Llah." Na nani ataona jeneza linapita akasimama tu? Sheha mbio, akashika mguu wa pili. Na Matar, maskini, malezi ni malezi, Matar naye akavua miwani yake akaja kutia bega. Sikuwazuia. Niliwaonyesha kwa kidole tu: huku, huku, mpaka ukingoni. Wakakiteremsha kitanda taratibu.

Ubwa akaifunua shuka kwa mkono wa kushoto. "Assalaam alaykum."

Ilibaki kidogo dereva atumbukie majini. Biasha akacheka mpaka akashika mbavu. Ubwa akainua kidole. "Nyamazeni."

Tukanyamaza. Injini imezimwa, jenereta limezimwa, na kwa mara ya kwanza siku ile mtaa ukawa na utulivu. Kutoka ndani ya matete ikatoka sauti kavu, *krruk!* Kisha nyingine ikaijibu kutoka upande wa pili, kwa hasira.

"Huyo mkorofi," akasema Ubwa.

Nikalia mbele za watu, sikujali.

Matar alikuwa anajipangusa bega. "Kuku wawili! Ujenzi usimame kwa kuku wawili?"

"Nilisema uhai," akasema Sheha. "Sikutaja idadi."

"Mwaga!" Matar akamwambia dereva.

Dereva akamtazama Ubwa, akatazama lori lake. "Bosi, mzee huyu nshambeba begani. Siwezi kummwagia kifusi." Akapanda, akaondoka na mzigo wake.

Matar si mtu wa kukubali. Kesho yake, saa moja ya asubuhi, akaleta lori jingine, dereva mwengine, bila ya Sheha. Kitanda kilikuwa kishatoka, kimekaa katikati ya njia. Ubwa amekaa juu yake na mito miwili mgongoni, kikombe cha kahawa mkono wa kushoto. Dereva akapiga honi. Akapiga tena.

Ubwa akanywa funda moja, akamuuliza, "Na wewe umekuja kunibeba?"