Fahali Aliyezoea Kukunwa

Velayutham akijiita mfugaji, mimi hucheka mpaka mbavu zikaniuma. Mfugaji gani asiyejua hata ng'ombe wake anakula nini? Ndama yule alilelewa na Sornam, mkewe, na mimi jirani yao nimeyaona kwa macho haya. Mama wa ndama alikufa akimzaa, Sornam akamnywesha maziwa kwa chupa ya mwanawe. Alipoota nundu, akawa anamlowekea mbegu za pamba, anamwogelesha bwawani, anamfundisha kupiga pembe lundo la udongo. Bwana mkubwa yuko wapi? Kwenye kibanda cha chai, anajisifu.

Kwetu fahali wa mchezo hufichwa. Sikukuu ya mavuno, Pongal, hufunguliwa lango, vijana wakamrukia nundu, na akishikwa tu, aibu hiyo! Kesho yake lori la mchinjaji liko mlangoni. Akimwangusha mwanamume, hauzwi kamwe. Ndiyo maana haachwi azoee mikono ya wanaume. Hilo hata kuku wetu wanalijua.

Velayutham hakulijua. Ndama alipokuwa fahali kamili, mweupe, shingo nene, akaanza kuwaita wanaume wa kijiji kizima waje kupiga naye picha.

"Mshikeni nundu, msiogope! Simba wangu huyu!"

"Baba Maran," Sornam akamwambia, "unamzoesha watu. Watamshika, halafu atachinjwa."

"Nenda jikoni huko. Wanawake mnajua nini mambo ya mafahali?"

Haya, mjuzi kasema.

Na yeye mwenyewe hakuwahi kumgusa. Thubutu! Harufu ya samadi iingie kwenye shuka lake jeupe la kiunoni, lililopigwa pasi? Alisimama mbali, simu mkononi, akiamrisha watu: wewe sogea, wewe cheka.

Pongal ikafika. Velayutham yuko jukwaani, kifua mbele. Fahali akatoka langoni mbio, akawaona vijana, akasimama. Akainamisha shingo akunwe. Jamani! Mmoja akamkumbatia nundu, mwingine akamkuna sikio, naye kafumba macho kwa raha zake. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka, mpaka nilipomwona Sornam analia kwenye uzio. Roho ikaniuma.

"Auzwe!" Velayutham akafoka. "Leo hii hii! Mwiteni mchinjaji!"

Akaruka uzio na fimbo mkononi, akamchapa fahali puani.

Fahali akafumbua macho. Vijana wale wote aliwajua. Huyu alikuwa mgeni wake, tena mgeni mwenye fimbo. Vumbi likatimka, tukamwona Velayutham hewani, shuka limekwenda huku, yeye kaenda kule. Akaanguka kwa matako mbele ya kijiji kizima.

Sornam akapenya kwenye uzio, akamwita fahali wake. Akaja, akamlalia begani.

"Shemeji," nikamwambia Velayutham, "mchinjaji yuko pale nyuma. Nikuitie?"

"Mwite!" akasema, bado yuko chini.

"Aje kufanya nini?" Sornam akauliza kwa sauti, watu wote wasikie. "Kijiji hiki hakiuzi fahali aliyemwangusha mwanamume. Au waambie watu, Baba Maran, kwamba aliyeangushwa hapa si mwanamume."

Velayutham akaanza kutafuta shuka lake.