Ubishi Juu ya Nesrin

Rukaya na mumewe Sufiani waliishi Old Korogwe, karibu na mto, na majirani zao walikuwa wameshazoea kwamba Jumamosi alasiri hakuna wa kubisha hodi pale. Huo ulikuwa muda wa tamthilia. Sufiani alikuwa dereva wa lori la fuso, anapakia machungwa Handeni na kuyapeleka Arusha, kwa hiyo katikati ya wiki hakuwepo nyumbani. Rukaya aliangalia peke yake kila jioni, kisha anafunga mdomo, hata kwenye simu hasemi neno, mpaka Jumamosi marudio ya wiki nzima yanapoanza. Hapo walikaa chini kwenye mkeka, wameegemea kochi, sahani ya karanga katikati yao, na ubishi unaanza.

Walikuwa wabishi tangu walipooana. Binti yao Maryamu, aliyeolewa Tanga, alikuwa akisema hawezi kupiga simu Jumamosi, maana anachosikia ni baba yake akisema "hapana" na mama yake akisema "ndiyo", na yeye hajaulizwa hata hali.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya Kituruki, imetiwa sauti za Kiswahili, ikiitwa Nyumba ya Nesrin. Nesrin ni binti wa mwoka mikate aliyeolewa kwenye nyumba ya kitajiri. Mama mkwe wake, Feride, anamfukuza usiku, mvua inanyesha, na mume naye anasimama dirishani anaangalia tu. Baadaye mume anajuta, anaanza kumtafuta mkewe arudi. Korogwe nzima iligawanyika. Sokoni, saluni, kwenye foleni ya maji, watu walikuwa wanauliza: wewe uko kwa nani? Na karibu wote walimchukia Feride.

Rukaya alikuwa anamtetea. "Huyu mama amezika watoto wawili, Baba Maryamu, amebaki na mmoja," alimwambia mumewe mara nyingi. "Anamshika kama mtu aliyeanguka kisimani anavyoshika kamba. Usimuulize kwa nini anakaza mkono."

Hakuwa ameyaokota hewani maneno hayo. Mama yake, Bibi Chausiku, mkazi wa Misima kule Handeni, alizika watoto wawili kwa surua katika mwaka mmoja, na Rukaya alilelewa ndani ya mkono uliokaza hivyo. Jambo hilo hakuwahi kumweleza mtu yeyote isipokuwa Sufiani.

Sufiani, kwa upande wake, hakuwa mtu wa maneno mengi kuhusu tamthilia. Ubishi wake ulikuwa wa kelele tu: huyu mzuri, huyu mbaya, mpige huyo, niletee maji. Ndiyo maana Rukaya alishangaa sana siku moja, mwaka ule mvua za vuli zilipochelewa, mumewe alipomeza karanga, akatulia, akasema taratibu:

"Mimi naona Nesrin asirudi. Kurudi si tatizo. Tatizo ni kwamba kila akisikia mvua juu ya bati, atakaa anasubiri kuambiwa atoke."

Rukaya aligeuka akamtazama. Miaka ishirini na kitu ya ndoa, na hakuwahi kusikia kitu kama hicho kinywani mwa mwanaume huyu.

Kuanzia hapo Sufiani akawa mtu mwingine. Kila Jumamosi alikuja na jambo. Aliona kwamba Nesrin akiwa na huzuni hupanga vyombo ambavyo vimeshapangwa. Aliona kwamba mume wa Nesrin hajawahi hata mara moja kuomba radhi huku amekaa. Siku zote amesimama, kama mtu mwenye haraka. Rukaya alikuwa anabisha kwa mazoea, lakini moyoni alikuwa anafurahi kupita kiasi. Alijiambia kwamba uzee unamfungua mume wake. Alianza kupaka wanja siku za Jumamosi. Alianza kupika wali wa nazi na samaki wa kukaanga kama wa sikukuu. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, akawa anasikia muungurumo wa fuso barabarani na moyo unamdunda kama msichana. Ule ndio ulikuwa mwaka mtamu kuliko yote ya ndoa yao, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi baadaye.

Siku moja, kwenye marudio, mtumishi alimletea Nesrin kisanduku kilichofungwa kwa utepe. Kabla hakijafunguliwa Sufiani akasema, "Asiile hiyo halua."

Kisanduku kikafunguliwa. Ilikuwa halua, na ilikuwa na sumu.

"Umejuaje?" Rukaya aliuliza.

"Niliona kidogo Mkumbara, pale mgahawani ninapokula."

"Si ulisema njiani huangalii?"

"Televisheni ya watu inawaka, nifumbe macho?"

Ilikuwa sawa. Rukaya aliliacha lipite. Lakini wiki iliyofuata, wakati wa kunywa chai, Sufiani akasema, "Hii ikiisha tuanze ile ya Kikorea, ya yule daktari wa wanyama. Ni nzuri sana. Mwanzoni inachosha kidogo, ila uvumilie, ikifika sehemu ya nne utalia."

Rukaya akaweka kikombe chini. Mume wake alikuwa hapendi tamthilia za Kikorea. Alisema nyuso zote anaona moja. Na madereva wa fuso, alivyowajua yeye, hawaambiani uvumilie mpaka ya nne utalia. Yale yalikuwa maneno ya mtu aliyekaa karibu na mwenzake na kumjali.

"Nani kakwambia?"

"Watu," akasema Sufiani, akainuka kwenda kuswali.

Jumatano, akijua mumewe yuko Arusha, Rukaya alivaa baibui lake, akapanda basi dogo linalopitia Mombo na kushuka Mkumbara. Njiani alijidanganya kwamba anakwenda tu kuona mgahawa. Mtu hawezi kugombana na mgahawa.

Ulikuwa mahali safi, meza nne zenye vitambaa vya plastiki, mapipa ya maji ya kunawia mlangoni, televisheni imetundikwa juu ya kabati la soda. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye kitenge na kilemba, rozari ndogo shingoni. Jina lake Evodia. Babu yake aliletwa zamani kukata mkonge, na ukoo haukuondoka tena. Hayo Rukaya aliyajua baada ya muda mfupi, maana mwanamke huyu alikuwa mcheshi, na mchana ule wateja walikuwa wameshakula na kuondoka.

"Karibu dada. Wali maharage upo, ugali dagaa upo."

"Nipe chai tu."

Kwenye televisheni yalikuwa yanakwenda marudio ya jana yake. Feride alikuwa amekaa peke yake kwenye chumba cha marehemu wanawe, anakunja nguo za kitoto.

"Shetani huyu," Rukaya akasema, ili aone itakuwaje.

"Usiseme hivyo, dada!" Evodia akavuta kiti, akakaa na kitambaa cha kufutia meza mkononi. "Hata mimi nilikuwa namchukia, nilikuwa namtukana hapa wateja wanacheka. Mume wangu ndiye aliyenifungua macho. Akaniambia, Evodia, huyu mama amezika watoto wawili, amebaki na mmoja. Anamshika kama mtu aliyeanguka kisimani anavyoshika kamba. Usimuulize kwa nini anakaza mkono." Akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Dereva wa fuso, dada. Mtu wa usukani na grisi. Lakini ana moyo wa ajabu."

Rukaya alishika kikombe kwa mikono yote miwili. Chai ilikuwa ya moto na hakuisikia. Alimwona mama yake Misima, alivyokuwa akimshika kifundo cha mkono kila wakienda kisimani, mpaka kinabaki na alama. Maneno ya kamba yalikuwa ya mama yake mwenyewe, na alimpa Sufiani usiku mmoja wa mwanzo wa ndoa yao, huku analia.

"Na wewe?" aliuliza. "Nesrin unasemaje? Arudi?"

"Asirudi!" Evodia alijibu mara moja. "Mimi nilifukuzwa na shemeji zangu mume wangu wa kwanza alipofariki. Usiku, mvua inanyesha, hivi hivi. Baadaye wakaja kuniomba nirudi. Nikawaambia kurudi si tatizo. Tatizo nitakuwa kila nikisikia mvua juu ya bati nakaa nasubiri kuambiwa nitoke."

Rukaya akafumba macho. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mwaka mzima alikuwa anabishana na mwanamke huyu. Mwaka mzima alikuwa anampakia wanja, anampikia wali wa nazi, anampenda upya. Na mwanamke mwenzake huku barabarani alikuwa anapenda maneno yaliyotoka kwa Bibi Chausiku. Sufiani alikuwa anayapakia huku na kuyashusha kule, kama machungwa.

"Huyo mume wako," Rukaya alisema, "hana mke mwingine?"

"Alifiwa, maskini. Zamani. Hapendi kumzungumzia. Tunangoja tu wajomba zangu wakubaliane juu ya tofauti ya dini, tufunge ndoa."

"Mkewe aliitwa nani?"

Evodia akafikiri. "Rukaya, nafikiri. Alinitajia mara moja tu."

"Ndiye mimi."

Evodia akacheka, kisha akaacha kucheka. Alimtazama mgeni wake kuanzia usoni mpaka mikononi, ambako Rukaya alikuwa na pete ya fedha yenye jiwe jekundu. Sufiani alikuwa na nyingine kama hiyo, na Evodia aliiangalia muda mrefu. Kitambaa kikamwanguka.

"Anakuja Jumatatu na Alhamisi," akasema kama mtu anayejieleza polisi. "Jumamosi anasema anaangalia mashamba ya babake, Handeni."

"Jumamosi yuko kwangu. Tunaangalia marudio."

Kwenye televisheni tangazo la sabuni lilikuwa linaimba. Rukaya alitaka kumchukia mwanamke huyu, na alijaribu, lakini chuki haikupata pa kushika.

"Yale ya kamba," Evodia aliuliza mwishowe, "ni ya kwako?"

"Ya mama yangu."

Evodia akafunika uso kwa mikono. Kisha akasema kutoka nyuma ya vidole vyake, kwa upole, "Dada, naomba uende. Nakuomba. Sitaki kulia mbele yako, na wewe usilie mbele yangu."

Rukaya akaondoka. Alilia kwenye basi, kichwa amekigeuzia dirishani, mama mmoja aliyekaa jirani akamwambia pole bila kuuliza nani amekufa.

Jumamosi Sufiani alirudi, akaoga, akakaa kwenye mkeka. Rukaya hakupika na hakupaka wanja. Alikaa mahali pake, wakaangalia yote mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyebisha. Jua lilikuwa bado kali nje. Rukaya akazima televisheni.

"Baba Maryamu, nikuulize. Nesrin arudi au asirudi?"

"Si nilishakwambia? Asirudi. Mvua ikinyesha kwenye bati..."

"Hayo ni ya Evodia. Mimi nataka ya kwako."

Rangi ilimtoka Sufiani. Kwanza akasema watu wana fitina. Kisha akasema dini inamruhusu. Rukaya akamwambia, "Kuoa dini imekuruhusu, sikatai. Na kunizika imekuruhusu pia? Kule Mkumbara mimi ni marehemu, Sufiani. Uliswalia jeneza gani?"

Sufiani akaanza kuchokonoa ukingo wa mkeka.

"Nijibu basi la Nesrin. Si la kwangu, si la yule. Wewe mwenyewe, moyoni mwako, unaonaje?"

Alimsubiri. Alitamani sana apate jibu, hata la kijinga, hata lile la zamani la huyu mzuri huyu mbaya. Sufiani aliangalia mikono yake.

"Sijui," akasema. "Mimi sikuwa naifuatilia sana. Nilikuwa nafurahi ukinitazama vile ninapoongea. Na yeye vilevile." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mama Maryamu, mimi sina maneno. Nilikuwa naona mna maneno mazuri, nikayachukua."

Rukaya alimwamini, na hapo ndipo moyo ulipovunjika kabisa. Angekuwa mwongo wa kuchukiza angemwacha kwa hasira. Lakini alikuwa ni mtu mtupu tu, aliyekaa katikati ya wanawake wawili na kujipasha moto.

Alikwenda Misima kwa mama yake. Kaka yake, Mdoe, alikaa na wazee wa upande wa Sufiani mara mbili, wakamsihi Rukaya, naye akasema hana ugomvi, anataka talaka yake. Talaka ikaja kabla ya masika. Kuhusu Evodia, alisikia kwa watu wa mabasi kwamba alimtupia Sufiani begi lake barabarani mbele ya madereva wenzake, na kwamba mgahawa bado upo, ila televisheni haiwashwi tena. Sufiani aliacha njia ya Arusha, akawa anaendesha ya Dar es Salaam. Siku moja alituma salamu kupitia kwa Maryamu. Rukaya hakurudisha.

Eda ilipokwisha, jirani yao mmoja pale Misima, msichana wa saluni aitwaye Rhoda, alinunua king'amuzi, akamwita. Walikuwa wanawake watano kibarazani, alasiri, wanasukana.

"Shangazi, wewe unazijua hizi. Tuanze ipi?"

Rukaya akasema ile ya Kikorea, ya daktari wa wanyama. Mwanzoni inachosha, wavumilie. Wakaianzisha, wakaanza kubishana kama yule daktari anajidai au ana aibu tu, na Rukaya akabisha nao kwa nguvu, akaonyesha vidole, akacheka, mpaka Rhoda akasema, "Kumbe shangazi ni hatari!" Rukaya akageuka upande wake wa kulia, alikozoea kukaa Sufiani, aone amelipokeaje neno lake. Kulikuwa na ndoo ya maji na kitana.

Akaaga, akasema kichwa kinamgonga. Bibi Chausiku alimkuta amekaa kitandani, baibui bado mwilini, analia bila sauti. Hakumuuliza kitu. Alikaa pembeni yake, akamshika kifundo cha mkono, akakaza.