Maiti Hana Mwenyewe

Beryl alishuka kutoka Nairobi na sanaa yake: jeneza tupu, mfano wa lile la msikitini, limefunikwa shuka nyeupe katikati ya ukumbi hapa Ukunda. Ukutani aliandika: "Gusa. Vuruga. Kazi hii haijaisha bila wewe."

Siku mbili watu waliingia, wakasimama mbali, wakatoka. Kwetu jeneza halichezewi. Likipita unatia bega, basi.

"Watu wa Kosti mko na heshima mob," Beryl akalalamika. "Nataka mtu aniharibie hii kitu."

"Huyu hapa," rafiki yangu Alamin akanisukuma mbele. "Muzammil huharibu hata matanga."

Mgema nikasifiwa, tembo nikalitia maji. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: "Kuna maiti ukumbini, hana mwenyewe. Njooni mumtambue." Kikatuni cha kucheka nilisahau kukitia. Kisha nikajilaza jenezani, nikajifunika gubigubi. Atakayenifunua, nitamwamkia.

Nikasikia watu wakijaa ukumbini, kisha kandambili zikibururwa sakafuni, na pumzi za mtu aliyekuja mbio. Shuka ikafunuliwa polepole kutoka kichwani, kwa mkono uliozoea kazi hiyo.

"Shikamoo," nikasema, macho nimeyatoa.

"Marahaba," akajibu Bi Nusaiba.

Mamake Jaafar. Mkono wa pili ameshika simu, ujumbe wangu ungali unawaka. Jaafar nilikaa naye dawati moja mpaka kidato cha nne. Alichukuliwa na gari lisilo na namba pale Kona ya Musa, mwaka wa pili huu. Tangu hapo hakuna chumba cha maiti, kuanzia Msambweni hadi Mombasa, ambamo mamake hajafunuliwa shuka.

Alinitazama. Nilingoja kofi, ningelishukuru. Akanifunika tena uso, akazipachika pembe za shuka vizuri chini ya kichwa changu.

"Siye," akawaambia watu, kama anavyowaambia kule.

Ukumbi ukapiga makofi. Beryl alikuwa akirekodi huku analia, akisema hii sasa ndiyo sanaa. Chini ya shuka nilitaka kuinuka niombe radhi, lakini miguu ilikuwa imekufa kweli.

Makofi yalipotulia nikamsikia Bi Nusaiba akimuuliza Alamin, taratibu, kwa adabu zake zote:

"Na mwengine hakuna, mwanangu?"