Jangwani Bila Hema

Delbert Ostby alikuwa mtu wa theluji tangu utotoni, na bonde zima alikokaa, kule Montana, lilimjua hivyo. Kila majira ya baridi alijitwika mzigo, akavaa miguuni mbao zake za kutelezea thelujini, akapanda milimani kulala huko siku kadhaa, kwa wepesi ule ule ambao mtu mwingine angekwenda kumtembelea shangazi yake. Kisha siku moja theluji ya mlimani ikamporomokea na kumfukia. Binti yake Maren alikuwa naye. Ndiye aliyemfukua kwa koleo, na alipomfikia midomo ilikuwa imegeuka rangi, lakini pumzi ilikuwamo.

Majira mawili ya baridi yakapita. Mbavu ziliunga, vidole vikapata hisia tena, ila Delbert hakutoka tena nje theluji ikishaanguka, isipokuwa kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Alishinda jikoni na kahawa yake na gazeti la jana. Mkewe Verna alisema mwacheni jamani, mtu aliyetoka kaburini ana haki ya kukaa. Maren hakukubaliana na mama yake. Kazi yake ilikuwa kuwapigilia farasi viatu vya chuma, na alikuwa ameshika miguu ya wanyama wengi wenye hofu. Alijua kwamba hofu ukiipa zizi na majani, inanenepa tu.

Basi mwezi wa Januari akaja kwa wazazi wake na neno lake. Februari yeye na baba wangekwenda kutembea, mizigo mgongoni, mahali pasipo na theluji hata ya kujaza kikombe. Suala la kwenda au kutokwenda hakuligusa. Alichotaka kujua ni wapi, pwani au jangwani.

Pwani ilikuwa na mpiga debe wake, Mjomba Einar, kaka yake Verna, aliyekaa jimbo la Washington karibu na bahari. Alisifu kwenye simu mchanga mgumu unaotembeleka, magogo yaliyotupwa na mawimbi ambayo mtu anaota nayo moto, na baridi isiyoua. Maren alimwuliza habari za miamba inayoingia baharini, ambako maji yakijaa njia inakatika. Einar akasema saa za maji kujaa na kupwa zinajulikana, anayezifuata hapati shida. Kisha Maren akamwuliza habari za mvua, naye akakiri kwamba ipo, kidogo, karibu kila siku.

"Hiyo kidogo yako, Mjomba, ni ya kulowa soksi au ya kulowa chupi?"

"Chupi," alisema Einar. "Lakini unazoea."

Delbert alitaka pwani. Maren alishuku kwamba kilichomvutia ni nyumba ya Einar kuwa jirani, safari ikimshinda akimbilie huko. Hata hivyo alikuwa karibu kukubali. Alileta hema lake, wakasogeza meza ya sebuleni, wakalisimamisha hapo kwenye zulia waone kama linawatosha wawili. Delbert akaingia, akajinyoosha, akasema panafaa. Maren akafunga zipu kutoka nje.

Halafu baba yake akasema, kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kumsikia nayo, "Fungua."

Zipu ilipofika nusu alikuwa ameshapitisha mikono yote miwili na kichwa. Akakaa zuliani, kwapani pakiwa pamelowa jasho, akitazama viganja vyake. Verna alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kijiko mkononi.

"Sikujua ni vibaya hivi," Delbert alisema.

"Heri tumejua tukiwa sebuleni." Maren alikuwa tayari anachomoa fito za hema. "Imekwisha hiyo. Tunakwenda jangwani."

"Kwa nini jangwani?"

"Pwani bila hema utaota ukungu, baba. Jangwani watu wanalala nje."

Akaanza kuchagua kama mtu anayechagua farasi, polepole na bila aibu ya kuuliza. Majangwa ya juu ya Utah aliyakataa, kwa kuwa nayo hupata theluji mwezi huo. Akashuka kwenye ramani hadi kusini mwa Arizona, chini kabisa, akapiga simu kwa walinzi wa hifadhi. Hakuuliza habari ya mandhari. Aliuliza chemchemi zipi zina maji sasa hivi, na nani ameziona kwa macho yake. Akachagua korongo moja pana, lenye anga kubwa, ambalo chemchemi yake ilikuwa imeonwa juma lile. Badala ya hema akafungasha turubai moja, na Verna akawatilia mikate myembamba, jibini, na nyama kavu ya kulungu ambayo ingetosha kikosi.

Waliendesha kwenda kusini hadi theluji ikaisha kando ya barabara, ikabaki vilemba vyeupe juu ya milima ya mbali, kisha hata hivyo vikatoweka. Walipoanza kutembea Delbert alikuwa nyuma, akilalamikia magoti. Madungusi, ile mimea minene ya miiba, yalisimama kila upande, marefu kama nguzo za umeme. Usiku ule walilala chini ya anga tupu. Maren alimsikia akishtuka mara kadhaa, na kila mara akimsikia akipumua tena taratibu baada ya kuona nyota. Asubuhi Delbert alikunywa uji wake wa shayiri na nusu ya ule wa binti yake.

Siku ya pili mawingu yakaja kutoka magharibi. Maren aliyaangalia saa za mchana na hakungoja yamwambie zaidi. Alimtoa baba yake kwenye mchanga wa chini, ambako maji ya mvua hupita kwa ghafla, wakapanda hadi chini ya jabali lililochomoza kama kibaraza. Dari yake ilikuwa ya chini, mtu anaingia kwa kuinama. Walipofika, matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka, nayo yalikuwa baridi.

Delbert akaliangalia lile jabali. "Mimi nitakaa hapa."

"Haya," alisema Maren.

Hakumvuta. Alimtupia turubai mabegani, akaingia, akawasha jiko la gesi na kuteleka maji ya kahawa. Mvua ikaongezeka. Baba yake alisimama pale nje na turubai lake kama farasi aliyesahauliwa uwanjani, maji yakimchuruzika puani. Maren alimimina vikombe viwili. Kimoja alikiweka ukingoni kabisa, kwenye mpaka wa mwamba mkavu na uliolowa, akarudi kukaa ndani.

Kahawa ilikuwa karibu kupoa ndipo Delbert alipoinama. Aliketi ukingoni, miguu ikabaki nje mvuani. Alikunywa. Baada ya kitambo akaingiza mguu mmoja, halafu wa pili.

"Nilikusikia, unajua," alisema. "Siku ile, kule chini."

Maren hakugeuka. Walikuwa hawajawahi kuizungumzia siku ile.

"Sikusikia koleo. Nilikusikia wewe. Ulikuwa unanitukana."

"Sikukutukana."

"Ulinitukana, binti yangu. Uliniita mzee kichwa maji. Uliniita na mengine ambayo mama yako asiyasikie kamwe. Nikajiambia, basi mimi ni mzima, maana hakuna anayemtukana maiti kwa bidii namna ile."

Maren alicheka, kisha kicheko kikageuka machozi, akayaacha yatoke. Baba yake alimpapasa mgongoni kwa mkono wake mkubwa wenye ubaridi. Akamwambia kwamba kilichomkalisha jikoni hakikuwa hofu ya kufa. Kila theluji ilipoanguka alimwona yeye, Maren, akichimba peke yake mlimani, na hakutaka tena kumfanya mtu achimbe.

"Nilijichimbia mwenyewe," alisema Maren akifuta pua. "Mimi ndiye niliyemtaka baba. Na ningechimba hadi kiangazi."

Mvua haikukoma haraka. Chini yao mchanga waliokuwa wameukalia asubuhi ulifunikwa na maji mekundu yaliyopita kwa kishindo, yakibeba matawi. Delbert aliyatazama, akamwambia binti yake kwamba kambi anajua kuichagua. Usiku huo alilala ukingoni, kichwa kikielekea nje na mwili ndani, na hakushtuka hata mara moja ambayo Maren aliisikia.

Asubuhi jangwa lilinuka udongo uliolowa na majani machungu. Walijaza chupa kwenye vidimbwi vilivyobaki mwambani. Maren alikusudia warudi walikotoka, lakini baba yake alikuwa ameshika ramani, anamwonyesha kwa kidole njia ya mzunguko, ndefu zaidi, inayopita juu ya mgongo wa kilima. Magoti hakuyataja. Maren alipima maji waliyo nayo, akatazama mbingu, akasema inawezekana. Delbert akatangulia.

Walipofika kwenye gari alimpigia Verna yeye mwenyewe. Alizungumza muda mrefu, akizunguka zunguka kwenye kokoto, na Maren aliona kwamba anatumia mkono wa pili kuchora hewani umbo la kile kilima. Alipomaliza, akanyoosha kiganja adai funguo.

"Huko kaskazini kuna theluji barabarani," Maren alimkumbusha.

"Ninajua ilipo," alisema baba yake, akazunguka upande wa usukani.