Waya Nyekundu za Plagi

Baba Pacha alikuwa kinyozi, na kila mteja aliyekaa kwenye kiti chake alijifanya fundi wa magari. Hapo ndipo alipopata ushauri wote wa kigari chao kidogo, ambacho mkewe, mwoka keki, alikitegemea kupeleka oda za watu.

Gari lilikuwa limekuwa zito. Mlima wa kwenda kwenye ukumbi wa sherehe lilikuwa likiupanda kwa gia ya kwanza, likinguruma kwa taabu. Mama Pacha akasema lipelekwe gereji.

"Gereji ya nini? Ni waya za plagi tu," alisema mumewe. "Hizi zilizokuja na gari ni nyembamba, moto haufiki wote. Tukiweka nene, injini inapata nguvu."

"Nani kakwambia?"

"Watu wanaojua."

"Hao unaowafunga shuka shingoni?"

Baba Pacha akacheka, na kesho yake akaja na waya nyekundu, nene kama kidole. Akazifunga mwenyewe, akawasha, akaacha boneti wazi ili majirani waone.

"Sikiliza inavyolia sasa."

Mama Pacha akasikiliza. Ilikuwa inalia kama jana. Mlimani wakarudi palepale, gia ya kwanza.

"Injini lazima izizoee kwanza," mumewe akasema.

"Injini izoee waya?"

"Ndiyo."

Mama Pacha akayaacha hayo. Harusi ya mdogo wake ilikuwa imekaribia, na alihitaji dereva, si mtu wa kununiana naye.

Siku ya harusi alikaa kiti cha nyuma, ameshika kwa mikono miwili ubao wenye keki ya ngazi tatu. Katikati ya mlima gari likakata pumzi, likazima. Baba Pacha akaliwasha tena, akaachia klachi kwa pupa, gari likaruka. Ngazi ya juu ikateleza taratibu, ikamwangukia Mama Pacha mapajani, pamoja na maua yake.

"Usiseme kitu," alisema mke.

"Labda na plagi zenyewe tuzibadilishe."

Mama Pacha akauweka ubao kitini, akashuka. Akainama aegemee tairi la nyuma apate kujifuta, mkono wake ukagusa chuma cha gurudumu, akauvuta haraka. Akazunguka upande wa pili, akagusa la huko. Lilikuwa na uvuguvugu tu.

"Njoo ushike hapa."

Baba Pacha akashika, akaachia, akapuliza vidole.

"Handibreki umeishusha?"

"Nimeishusha."

"Basi yenyewe haijaachia. Siku zote hizi tunapanda mlima tumefunga breki, na wewe unanunua waya."

Safari iliyobaki waliibeba keki kwa miguu, yeye mbele, mumewe nyuma, wamevaa nguo za harusi. Jikoni kwa ukumbi Mama Pacha akafunika kovu kwa krimu iliyobaki. Bibi harusi akaja kuchungulia.

"Dada, ya juu iko wapi?"

"Muulize shemeji yako."

Bibi harusi hakumuuliza. Yale maua aliyachagua mwenyewe, moja moja. Akauma mdomo, akatoka kabla wanja haujaharibika.

Kesho yake walilichukua gari pale mlimani, wakalipeleka gereji. Fundi akafungua gurudumu, akakuta waya wa handibreki umeshikwa na kutu. Akaulegeza, gurudumu likazunguka lenyewe. Baba Pacha akamwonyesha waya zake nyekundu.

"Za zamani zilikuwa zimepasuka?" fundi akauliza. "Gari lilikuwa linakosa moto?"

"Hapana, zilikuwa nzima."

"Zingekuwa zimechoka, mpya zingekusaidia. Kama zilikuwa nzima, umebadilisha rangi tu, mzee."

Wakati wa kurudi waliupanda mlima kwa gia ya tatu. Mama Pacha alikuwa ameanza kupumua vizuri mumewe alipogonga usukani kwa furaha.

"Unaona? Breki ilikuwa inazizuia. Sasa ndiyo waya zinafanya kazi."

"Simamisha gari."

"Kuna nini?"

"Simamisha."

Akashuka, akafunga mlango bila kuubamiza, akaanza kupanda mlima kwa miguu. Baba Pacha akamfuata polepole, kioo kimeshushwa, akimwita, "Mama Pacha, ingia basi, watu wanatuangalia." Yeye hakugeuka. Nyuma yake gari lilikuja kiulaini, bila kuhangaika hata kidogo, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.