Mama Amenikataza

Nyumbani kwa Amri, muuza mafuta ya alizeti pale Singida mjini, mafuta hayakupimwa kwa kijiko. Yalimiminwa. Wanasema hata paka wao aliacha kurukia ukuta wa jikoni, maana kila akijaribu aliteleza mpaka chini, kisha akajifanya alikuwa anatafuta kitu.

Kwa hiyo daktari alipomwambia Swaumu, mke wa Amri, kwamba binti yao Zara uzito umemzidi umri wake wa miaka kumi, na kwamba sukari imeanza kumnyemelea, Swaumu hakubisha. Aliogopa. Mama yake mzazi aliondoka na ugonjwa huohuo wa sukari, mguu ukitangulia. Siku hiyohiyo akabana mafuta, akapiga marufuku soda, na kijana wa bodaboda aliyekuwa akimpeleka Zara shule akaambiwa atafute abiria mwingine.

"Utatembea," Swaumu alimwambia mwanawe. "Kwenda na kurudi."

Mwezi ukaisha, wakarudi kupima. Mshale wa mizani ukafika pale ulipokuwa mara ya kwanza, ukapasalimia, ukaendelea na safari yake.

"Mama, tulisema atembee," daktari akasema, akimtazama juu ya miwani.

"Anatembea!"

"Basi sijui anatembea na nini."

Swaumu alitoka pale masikio yanamwaka moto. Mtoto anakula mboga za majani mpaka mbuzi wa jirani wameanza kumtazama vibaya, anatembea kama karani wa sensa, halafu ananenepa! Kesho yake, wanafunzi walipofunguliwa mlango wa kutokea, Swaumu alikuwa upande wa pili wa barabara, kajitanda khanga mpaka puani.

Hakusubiri sana kuona maajabu.

Zara alifika kwa Anastasia, muuza maandazi, akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Yaani siku hizi wanakutembeza kwenye jua hili? Baba yako kafilisika? Shika haya, ya moto."

Mbele kidogo, dukani kwa Jasumati, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Nikunj, shikamoo nyingine. "Masikini mtoto, hata bodaboda hakuna?" Ladu la samli, ule utamu wa Kihindi wa mviringo, likatua kiganjani, kubwa kama kitasa cha mlango wa msikiti.

Safari ikaishia kwa Bibi Sijaona, mama yake Amri. Kuku wa bibi huyu, wanasema, walikuwa wakisikia sauti ya Zara wanaanza kuagana. Chapati zilikwisha kupangwa, mchuzi unaelea mafuta.

"Kula, mke mwenzangu," Bibi akasema. "Huko kwenu wanakulisha majani, kwani wewe sungura?"

Kumbe kila hatua aliyoongezewa mtoto ilikuwa imeongezewa mlango wa kula! Swaumu alirudi nyumbani anaongea peke yake. Jioni akamweka Zara kitako.

"Kuanzia kesho, mtu akikupa chakula, sema asante, mama amenikataza. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Zara ni mtoto mtiifu. Kesho yake alipita milango yote mitatu, akaamkia vizuri, akasema alivyofundishwa, neno kwa neno. Habari ikafika nyumbani kabla yake.

Alasiri Amri alimwona mama yake anakuja na ule mkoba wake wa kwenda nao misibani, nyuma yake Anastasia na Mama Nikunj. Ghafla akakumbuka kwamba mashine ya kukamulia ilikuwa na mlio asioupenda. Akatokea mlango wa uani.

"Shikamoo, mama," Swaumu akamwamkia mkwewe.

"Hiyo shikamoo yako iweke kwanza," Bibi akasema, akakaa. "Mumeo nimemzaa mimi. Wewe mwenyewe nimekuogesha kwenye uzazi wako. Leo ndiyo natia kitu kwenye chakula?"

"Mungu wangu! Mama, nani kasema hayo?"

"Mtoto kasema. Mama amenikataza. Mtu anamkataza mtoto chakula cha watu kwa sababu gani nyingine?"

"Maandazi yangu wanakula polisi, wanakula walimu," Anastasia akadakia. "Sijawahi kuzika mteja!"

"Mimi ladu nilikula moja mbele yake," Mama Nikunj akasema, machozi yakimlengalenga. "Akasema hapana. Nilijisikia vibaya, Mama Zara."

Swaumu alishika kichwa. Akaeleza habari ya daktari, ya mizani, ya sukari. Akaeleza tena. Ilikuwa kama kumwagia maji mawe ya Singida ukitegemea yaote.

"Daktari!" Bibi akasema. "Mtoto akikonda, ugonjwa. Akinawiri, ugonjwa. Sasa hao madaktari wanataka mtoto wa namna gani?"

"Mama yangu alikatwa mguu," Swaumu akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Ulikuja ukakaa na mimi siku zote za msiba. Unataka tukae tena hivyo kwa ajili ya nani?"

Bibi alifungua mkoba, akaufunga.

"Bibi." Zara alikuwa amesimama mlangoni, bado na begi la shule. "Magoti yananiuma. Nikipanda ngazi za darasani natweta, wenzangu wananisubiri."

"Mbona kwangu husemi? Unakula mpaka unalamba sahani!"

"Nikibakiza unanuna. Unasema nimeacha kukupenda."

Anastasia akaanza kukagua kucha zake. Bibi Sijaona akayatazama magoti ya mjukuu wake. Kisha akawageukia wenzake aliokuja nao.

"Nyie mmesikia lakini? Kuanzia leo, atakayempa mjukuu wangu kitu cha kutafuna njiani, nitajua ana lake jambo."

"Lakini Bibi," Anastasia akasema, "si wewe ndiye..."

"Hasa wewe na maandazi yako!" Akamgeukia mkwewe. "Marahaba, Swaumu."

Swaumu akadhani yamekwisha. Asubuhi ya pili, kabla chai haijachemka, Bibi yuko mlangoni na raba za Amri miguuni. Akamsindikiza mjukuu shule, akaenda kumchukua, na njia nzima watu walificha vyakula kama anapita bwana afya. Kisha akaingia jikoni, akasimama nyuma ya mgongo wa Swaumu.

"Mafuta yote hayo ya nani?"

"Nusu kijiko, mama."

"Punguza. Unataka kuniulia mtoto?"

Swaumu aliuma midomo mpaka akasikia ladha ya damu. Akapakua: ugali wa mtama, mlenda, dagaa kidogo. Wakakaa mkekani wote watatu. Zara alikula taratibu, kisha akaisogeza sahani, matonge mawili yakiwa yamebaki.

"Nimeshiba," akasema.

Mdomo wa Bibi ulifunguka. Na wa Swaumu pia, maana neno lilikuwa lilelile kwenye ndimi zote mbili: malizia. Wakatazamana. Bibi akalimeza la kwake kwa shida, kama kidonge kisicho na maji. Swaumu akalimeza la kwake.

"Haya," Bibi akasema, amekasirika kabisa. "Kanawe."