Lori Lililobadilishwa kwa Kiberiti

Naapa, mkono kifuani: haya yote ni kweli tupu, hata yale nitakayoongeza.

Nilikuwa dereva wa lori la taka la halmashauri mpaka nikastaafu. Mwaka huu fedha zilipopungua, cha kwanza kukatwa kilikuwa dizeli ya lori. Mweka hazina akaona kiberiti ni rahisi zaidi: taka zichomwe papo hapo mtaani, kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba ya dada yangu. Moshi ukawa mzito hata kuku wakapanda juu yake kutaga. Dada ana pumu. Akaziba dirisha kwa shuka lililoloweshwa, akawa analala ameketi. Daktari akamwambia ahame, la sivyo kifua hakitafika mwakani. Ahamie wapi? Nyumba ndiyo hiyo aliyoachiwa na marehemu shemeji.

Nikaenda ofisini. Ukutani bango: "Tupunguze Hewa Ukaa."

"Mheshimiwa," nikamwuliza mweka hazina, "huo moshi si ndio hewa ukaa yenyewe?"

"Mzee wangu, dizeli ina fungu kwenye bajeti. Moshi hauna fungu."

"Na kifua cha dada yangu?"

"Hicho ni cha idara ya afya."

Jioni nikamsimulia dada kwamba sikunyamaza: nililiwasha lile lori, nikazoa taka zote zikiwaka vilevile, nikazimwaga mlangoni pa mweka hazina mpaka tai yake ikageuka mkaa. Alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, nami nikamshika mabega, nikihesabu mbavu zake bila kutaka.

Alipopata pumzi akanitazama. "Kaka."

"Naam."

"Lori lilitembea kwa mate yako? Si dizeli hakuna?"

Nikainuka haraka kumchotea maji.

"Umenaswa, mzee wa fiksi. Sasa lipa. Kesho baraza linakaa. Hizo taka uzipeleke kweli."

"Kwa mgongo huu?"

"Ndio huohuo uliozoa zote leo."

Asubuhi nikaazima toroli. Nilijaza nusu, magoti yalikataa zaidi. Zilifuka njia nzima. Watu wakanipisha kama msiba unapita.

Getini mlinzi akaziba pua. "Mzee, taka za nani hizi?"

"Za humo ndani."

Nikaketi kwenye ngazi, chini ya dirisha la ukumbi, nikingoja waniite.